Kucha za Pete

Msomaji, utazamapo pete yenye kito, jicho lako huvutwa na kito. Ndiyo desturi ya macho. Walakini kito hakikai pale kwa uzuri wake. Kimeshikwa na kucha nne au sita za dhahabu, nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti, ambazo sonara amezikata katika waya, akazilehemu, akazilainisha kwa tupa.

Upande wa ndani wa kila ukucha huchongwa pengo dogo. Mapengo yote sharti yawe katika kimo kimoja, ili ukingo wa kito uyakalie sawasawa. Ndipo ncha za kucha hulazwa juu yake kidogo kidogo, huu kisha ule unaoukabili. Pupa haifai hapa. Kito cha kijani cha Taita, kilichopewa jina kwa ajili ya Tsavo mwaka 1974, huvumilia kiasi. Tanzanaiti ya Merelani huweza kupasuka mara moja.

Sasa mfikirie sonara mvivu. Huacha kuchonga mapengo, akalaza ncha tu. Siku ya kuuza, pete yake na pete ya mwenziwe hazina tofauti machoni pa mnunuzi. Kwa nini basi ajisumbue?

Aghalabu hujibiwa kwamba mdanganyifu hujulikana mwishowe, akakosa wateja. Jawabu hilo halinitoshi. Kito hulegea baada ya miaka, kwa kugonga sufuria na kuvuliwa kila usiku. Mwanamke aliyekipoteza hamkumbuki sonara, hujilaumu mwenyewe. Hupekua mchanga wa uani, humshuku mtoto aliyecheza chumbani, pengine humwadhibu. Sonara amelala usingizi, na jina lake safi. Hasara imempata kila mtu ila aliyeitenda.

Basi hofu ya kufichuliwa si mlinzi wa kutosha. Mnunuzi alilipia asichoweza kukikagua, na imani yake ilikuwa sehemu ya bei. Hilo ni deni, hata kama mdai hajui kudai. Utasema sonara ni maskini na muda ni mali. Kweli, lakini aweza kutaja bei ya kazi kamili, au kuuza pete isiyo na kito.

Sonara anayelijua deni hilo huitikisa pete karibu na sikio lake kabla ya kuikabidhi. Kito kikilia hata kidogo, huirudisha mezani, ingawa mnunuzi amesimama mlangoni, fedha mkononi, naye hakusikia kitu.