Gesi Haiji kwa Uvumi

Wajukuu zangu wa Ujiji, Kibirizi na Katonga, nawasikia mkisema chini ya Ziwa Tanganyika kuna gesi, na ikichimbwa hakuna atakayehangaika tena na dagaa. Nisikilizeni. Gesi ina masharti yake, na likikosekana moja, yaliyobaki hayafai kitu.

Kwanza chanzo. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, na chini ya mita 250 maji hayana oksijeni. Viumbe wanaokufa na kuzama huko hawaozi upesi. Hufukiwa na tope, ambalo kwa mamilioni ya miaka limerundikana hadi unene wa kilomita kadhaa. Pili joto. Tope likizama sana, joto hugeuza mabaki hayo kuwa mafuta. Likipita nyuzi 150 hivi, mafuta nayo huvunjika yakawa gesi. Tatu, mwamba wenye vinyweleo wa kuihifadhi, mfano mchanga unaomwagwa na mto Malagarasi. Nne, tabaka la juu lisilopitisha gesi. Tano, mtego, yaani umbo la miamba linaloinasa gesi, nao uwe tayari kabla gesi haijaanza kupanda.

Kule Zagros, Iran, ardhi ilisukumana, miamba ikajikunja na kupandiana. Mikunjo hiyo imenasa gesi nyingi. Kwetu ardhi inavutana na kupasuka. Mpasuko waweza kuziba njia ya gesi, na waweza pia kuifungulia. Ng'ambo, Rasi ya Kalamba nchini Kongo, mafuta huibuka majini: ishara kwamba chanzo na joto vipo, na kwamba mahali hapo kizuizi kimevuja. Katika bonde hilohilo la ufa la magharibi, Uganda ilipata mafuta mwaka 2006, ilhali visima viwili vya Burundi, uwanda wa Ruzizi, mwaka 1987 havikuzaa matunda.

Basi anayewauzia kiwanja kwa ahadi ya gesi, muulizeni masharti hayo matano. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Wenye kupenda fizikia na kemia, someni jiolojia, Dar es Salaam au Dodoma, ili wataalamu wakija kupima ziwa, nanyi muwe miongoni mwao. Tena mlilinde: mto pekee unaotoka humo ni Lukuga, maji yake hubadilika polepole mno, na uchafu ukiingia leo wataurithi vitukuu vyenu. Gesi ipatikane au isipatikane, samaki na maji haya ndiyo riziki tuliyo na hakika nayo.