Wajukuu Wangu, Acheni Kujikweza

Wajukuu wangu, jambo hili nimelisema hadi koo limenikauka, na bado nitalisema, kwa kuwa Jumamosi haipiti bila kuliona. Twende Kiminini, twende Kimilili, mazishi ni yale yale. Marehemu yumo jenezani, mjane hajatia kitu mdomoni tangu jana, na bwana aliyefika na msafara wa magari ameng'ang'ania kipaza sauti akitueleza yeye ni nani, anajuana na nani Nairobi na kiti gani atagombea. Saa nzima inakwisha jina la marehemu halijatajwa.

Huko ndiko kujikweza. Ninyi mnakuita kujiskia, au kujipiga kifua, lakini tofautisheni. Anayejitapa ana jambo alilolifanya, akalitia chumvi. Anayejikweza hahitaji jambo lolote. Anachotaka ni kuonekana yuko juu. Watu wa pwani husema wanakweza chombo wanapokipandisha kutoka majini hadi mchangani, na chombo hakijivuti chenyewe, huvutwa na mikono ya watu. Kukwezwa ni heshima. Kujikweza ni aibu.

Mnaokwenda kanisani mmesoma Luka sura ya 14, Yesu alivyowaonya wageni wanaokimbilia viti vya mbele arusini. Sisi Babukusu tulikuwa na utaratibu wetu hata kabla Biblia haijatufikia. Mzee wa heshima akishazikwa, huitwa omuswali aje kuswala kumuse: asimame katikati ya watu asimulie tulikotoka, ataje koo, aonye, aliwaze wafiwa. Kipawa hicho hufuata ukoo, wala si kila mwenye sauti kubwa anayeweza kujitwika. Watu hutulia wakamsikiliza kwa sababu wao ndio waliomwita.

Na Mango je? Kila Agosti ya mwaka wa shufwa, vijana wetu wanapotahiriwa, jina lake hurudi midomoni mwa watu. Simulizi inasema alitamani kutahiriwa, jirani zetu wakamdhihaki kwamba hajawa mwanamume wa kiasi hicho. Akaenda kumvizia Yabebe, nyoka aliyekuwa akiwamaliza watu, akamkata kichwa. Ndipo akatahiriwa. Sifa zake zote zimetoka vinywani mwa wengine, na hadi leo hazijachujuka.

Tuje karibu. Masinde Muliro alikuwa waziri mwaka 1975, Bunge lilipopigia kura ripoti ya mauaji ya mbunge J.M. Kariuki. Aliiunga mkono, akafutwa kazi. Alijua anachokipoteza, akapiga kura hivyo hivyo. Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi, na Agosti 1992 akafia uwanja wa ndege wa Nairobi akirejea kutoka London. Leo uwanja wa Kanduyi pale Bungoma unaitwa kwa jina lake, na chuo kikuu kule Kakamega pia. Hakuna hata kimoja alichokipa jina lake yeye mwenyewe.

Sasa katazameni kuta za madarasa yaliyojengwa kwa hazina ya maeneobunge, ile iliyoanzishwa mwaka 2003. Mara ngapi mmekuta jina la mheshimiwa limepakwa rangi hapo, na sura yake kando, kana kwamba aliuza ng'ombe wake? Fedha zile ni kodi. Zimo senti za mama anayeuza sukumawiki sokoni Kitale, zimo za mkulima aliyenunua mbegu na mbolea akauza mahindi kwa hasara. Hapa ndipo ninapoumia, wanangu. Anayejikweza lazima akanyage kitu ili apande, na mara nyingi anachokikanyaga ni jasho la mtu asiye na kipaza sauti.

Msidhani nawasema wanasiasa peke yao. Nawe uliyepata kazi juzi, nimesikia umewakataza wenzako wasikuite kwa jina. Jina hilo ni la babu yangu. Lilikutosha ulipokuwa ukichunga ndama, na waliokuchangia karo walichanga kwa jina hilo hilo.

Sisemi mjifiche. Ukiulizwa shahada yako kwenye usaili, itaje yote, na kazi uliyoifanya ieleze bila woga, maana umeulizwa na unajibu. Ukiwa uliifanya na wenzako watatu, wataje wote watatu.

Jumamosi hii tunakwenda kumzika jirani yetu. Mkifika, kaeni mtakapoonyeshwa, hata ikiwa ni nyuma ya hema. Anayeweza kubeba maji abebe. Wewe mwenye kazi mpya utapewa nafasi ya kusema kwa niaba yetu: mtaje marehemu, waeleze alivyotukopesha jembe lake la ng'ombe mwaka ule wa njaa, wape pole watoto wake, kisha umrudishie msimamizi kipaza sauti.