Nani Atamfundisha Mwalimu Habari za Fedha?

Huko Mang'ola, katika wilaya ya Karatu, karibu na Ziwa Eyasi, watu hulima vitunguu kwa maji ya chemchemi. Wakati wa mavuno malori hushuka bondeni, na wanunuzi huja na magunia yao. Kila mtoto wa shule katika bonde lile ajua kuzidisha. Ukimwuliza, "Magunia kumi, kila moja shilingi elfu themanini, ni shilingi ngapi?" atakujibu pasipo kuhesabu vidole. Lakini gunia lenyewe limeongezwa kilemba juu yake, likabeba kupita kiasi kilichopatanwa. Watu huliita lumbesa. Baba wa mtoto yule ameuza magunia kumi, naye amelipwa kumi. Walakini vitunguu vilivyopakiwa katika lori huenda ni vya magunia kumi na mawili au kumi na matatu. Hesabu ya mtoto ni sahihi, na baba yake amepunjwa.

Hapo, ndugu wasomaji, ndipo penye swali letu la juma hili. Je, shule ina wajibu wa kumfundisha mtoto habari za fedha, bei, riba na biashara? Na kama inao, nani atamfundisha mwalimu atakayemfundisha mtoto?

Swali hili si la kupitisha wakati. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeleta mitaala mipya, na somo la biashara limekuwa la lazima katika shule zetu za sekondari. Basi somo lipo. Lakini somo haliingii darasani kwa miguu yake lenyewe. Laingia likiwa ndani ya mwalimu, katika ujuzi wake na katika mwenendo wake. Kama ndani ya mwalimu hamna kitu, kitabu kizuri namna gani hakitamsaidia mtoto.

Wapo wazee wenye heshima wasemao kwamba shule isijitie katika jambo hili. Fedha, wasema, ni siri ya nyumba. Mtoto akianza kuhesabu senti mapema, atakua akimpima kila mtu kwa senti. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Twajua sote ni maovu mangapi yametendwa kwa ajili ya fedha, tangu zile fedha thelathini. Walakini twawauliza wazee wetu: je, mtoto asiyefundishwa shuleni hafundishwi popote? Mtoto wa Karatu mjini huona kila asubuhi magari ya watalii yakipanda kwenda lango la Lodoare, na ndani yake wamo wageni wanaolipa kwa usiku mmoja wa malazi fedha ambazo wenyeji wengi hawazipati kwa mwezi mzima. Jioni husikia redioni na katika simu matangazo ya kamari na ya mikopo ya papo hapo. Hao ndio walimu wake wa uchumi, nao hawana haja ya yeye kuelewa. Shule ikinyamaza, haimwachi mtoto bila mwalimu. Yamwachia mwalimu mbaya.

Wapo wengine waonao kwamba kazi yenyewe ni nyepesi. Mwalimu apewe kitabu chenye riba, faida na hasara, naye asomeshe kama asomeshavyo eneo la pembetatu. Hao nao wamesahau jambo kubwa. Mwaka 2008 mabenki makubwa ya Marekani na Ulaya yalianguka, au yakaokolewa kwa fedha za walipa kodi, na familia nyingi zikapoteza nyumba zao. Wengi wa wale waliotoa mikopo ile walikuwa mabingwa wa hesabu, waliosoma katika vyuo vikuu vyenye sifa. Walijua kuhesabu riba mpaka senti ya mwisho. Hawakujiuliza kama ni haki kumkopesha mtu deni ambalo hataweza kulilipa. Kwa hiyo elimu ya fedha ina sehemu mbili zisizotengana: kujua hesabu na kujua haki. Mwenye hesabu bila haki atawanyonya wenziwe, na mwenye haki bila hesabu atanyonywa.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Huko Nova Scotia, mashariki mwa Kanada, wavuvi na wachimba makaa walikuwa maskini, wakiuza jasho lao kwa bei waliyopangiwa na wanunuzi. Mwaka 1928 Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier, kilichoko katika mji wa Antigonish, kilianzisha idara ya kuwapelekea watu elimu huko huko waliko, ikiongozwa na Padre Moses Coady. Padre huyo hakuanza na vitabu vya uchumi. Aliwakusanya watu katika vikundi vidogo, wakajiuliza kwa nini samaki ni rahisi pwani na ghali mjini, na ni nani achukuaye kile kilicho kati ya bei hizo mbili. Katika maswali hayo walizaliwa viongozi, na kwa viongozi hao vikazaliwa vyama vya akiba na mikopo, maduka ya ushirika na viwanda vya samaki. Padre Coady alifariki mwaka 1959, na mwaka huohuo kikaanzishwa chuo chenye jina lake ili kuwafundisha viongozi kutoka nchi mbalimbali, wakiwamo Waafrika.

Hapa kwetu nako wazee wetu hawakulala. Mwaka 1960, kwa juhudi za Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza na Mapadre Weupe, kilifunguliwa chuo cha Nyegezi, ambacho miaka mingi baadaye, mwaka 1998, kilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi, katika nchi ambayo Wachaga walikuwa wameunda chama chao kikuu cha ushirika wa kahawa, KNCU, tangu mwaka 1933. Na mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa ameshika chaki, alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe na shamba, na watoto washiriki katika kupanga kazi na matumizi ya mapato yake. Katika shule nyingi jembe lilishikwa, bali daftari halikufunguliwa. Mtoto alilima, asijue mavuno yaliuzwa kwa kiasi gani wala yalinunua nini. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika dunia pana mambo huenda vivyo hivyo. Marekani wanalo baraza la kuwafundisha walimu elimu ya uchumi tangu mwaka 1949. Dola la Kisovieti lilipovunjika mwaka 1991, wakufunzi wa baraza hilo walikwenda katika nchi zilizotoka humo kuwafundisha walimu ambao maisha yao yote walikuwa wameishi chini ya bei zilizopangwa na serikali. Hekima ya mpango wa namna hiyo yaonekana kwa hesabu ndogo: ukimfundisha mtoto mmoja, umemfundisha mmoja, ukimfundisha mwalimu, umewafundisha watoto wa miaka thelathini, ukimfundisha mkufunzi wa walimu, umeifikia nchi. Lakini hesabu hiyohiyo yatuonya. Kosa la mkufunzi nalo huzidishwa vivyo hivyo.

Tupande sasa Ngorongoro tuone kosa hilo laweza kuwa la namna gani. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja. Kulima kulikatazwa humo mwaka 1975, kukaruhusiwa mwaka 1992, kukakatazwa tena mwaka 2009. Na tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni, jambo lililozusha mabishano ndani na nje ya nchi. Basi fikiri mwalimu kijana aliyefundishwa mjini, asimame mbele ya watoto wa Kimaasai aseme, "Waambieni baba zenu wauze ng'ombe, fedha waziweke benki." Amesema nusu ya kweli. Ng'ombe kwa mfugaji ni maziwa ya leo, ni mahari ya kesho, ni heshima, ni msaada kwa jirani aliyefikwa na msiba. Tena mfugaji mwenye busara hakai na ng'ombe wake wote katika boma moja. Huwagawa kwa ndugu na marafiki, ili ugonjwa ukiingia huku, kule wasalie. Mabenki makubwa hulipa wataalamu mishahara mikubwa wawafundishe jambo hilohilo.

Walakini ukame wa mwaka 2021 na 2022, ulioua mifugo mingi kaskazini mwa nchi yetu, ulionyesha kwamba benki yenye miguu nayo yaweza kufilisika. Mwalimu mwema hatauficha upande wowote. Ataanza na hekima aliyoikuta bomani, aipe heshima yake, kisha aulize pamoja na watoto: ni wakati gani wa kuuza, kabla ng'ombe hajakonda au baada? Aliyeuza mapema wawili, akawanunulia malisho wanane, amepungukiwa au amezidi? Hapo mtoto atafikiri. Na akirudi nyumbani hatamdharau baba yake, atazungumza naye.

Sasa tuseme lililo gumu kusema. Mganga hajigangi. Wapo walimu wetu, watu waaminifu, ambao mshahara wao umekwisha kabla ya kufika. Mtoto aliugua, au ada ya chuo ilidaiwa, au msiba ulitokea. Mwalimu akaenda kwa mkopeshaji, akaacha kadi yake ya benki na namba yake ya siri. Tuseme alikopa shilingi 300,000 kwa riba ya 30 kwa mia kila mwezi. Kila mwezi mkopeshaji atoa benki riba ya 90,000. Mwaka ukiisha mwalimu amekwisha kulipa 1,080,000, na zile 300,000 bado anadaiwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka mkopeshaji awe na leseni. Lakini bado wapo wafanyao kazi gizani, na watu wameipa mikopo yao jina la kausha damu. Mwalimu huyo asubuhi yaingia zamu yake ya kufundisha riba. Ataandika nini ubaoni?

Wengine watamcheka. Sisi twaona kwamba hakuna anayefaa kufundisha somo hilo kuliko yeye, ila kwa sharti moja: asaidiwe kwanza kutoka shimoni. Vyuo vyetu vya ualimu, kama kile cha Monduli katika mkoa huohuo wa Arusha, vipokeavyo vijana ambao karibu watashika mshahara wa kwanza, vingefaa kuwafundisha kwa mshahara huo wenyewe: wauandike, waugawe, wauone ukitosha au ukipungua, wahesabu mkopo mmoja kabla ya kutia sahihi. Chama cha akiba na mikopo cha walimu ni darasa bora kuliko semina ya siku mbili mjini, maana humo mwalimu huchagua viongozi, husoma mizania na huuliza fedha zilikwenda wapi. Na mkufunzi asifundishe akaondoka. Arudi baada ya miezi sita aulize nini kimefanyika.

Hata hivyo tujihadhari na hila moja. Wenye nguvu hupenda sana kuwafundisha maskini kuweka akiba, kana kwamba umaskini wote ni matokeo ya uzembe. Akiba haiozi, ni kweli. Lakini mkulima wa Mang'ola apunjwaye magunia mawili katika kila kumi hataokolewa na daftari peke yake. Daftari litamwonyesha tu amepunjwa kiasi gani. Sheria ya vipimo yaikataza lumbesa, na mizani ipo. Kwa nini basi lumbesa haikomi? Kwa sababu mkulima mmoja akikataa, lori litasogea hatua ishirini mpaka shamba la jirani yake. Hilo nalo ni somo la uchumi, pengine kubwa kuliko yote: kuna hasara ambayo mtu mmoja, hata awe mjuzi namna gani, hawezi kuikwepa akiwa peke yake. Hapo hesabu na haki zakutana, na mwalimu asiyefika hapo amewafundisha watoto nusu.

Enyi wazazi, msimwachie mwalimu kazi yote. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Siku ya kuuza mavuno au mnyama, mwiteni mtoto akae karibu, aone fedha zikiingia, aone zikigawanywa: hizi za mbegu, hizi za ada, hizi za deni, hizi za sadaka na jirani mhitaji. Asione aibu kuuliza, nanyi msione aibu kujibu.

Na siku moja, Mungu akijalia, mwalimu atawaongoza watoto wa bonde lile mpaka shambani na mizani mkononi. Watalipima gunia lile lenye kilemba mbele ya baba zao na mbele ya mnunuzi. Kisha mwalimu atawauliza, "Ni kilo ngapi zilizozidi, na ni za nani?" Swali la kwanza watalijibu watoto. La pili watalijibu baba zao, wakiwa wamesimama pamoja.