Mwenye Mali na Aliyeitunza

Juzi mwanasheria mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, alisema mbele yangu kwamba wanaokusanya vichekesho vya zama za filamu bubu ni wezi tu. Neno hilo limenikaa kooni. Kumiliki ni kuwa na haki ya kutumia, kuuza na kuzuia wengine; hapo hatugombani. Lakini mwenye mali akiiangamiza, aliyeiokoa awe mwizi wake?

Naam, akasema, mali ni ya studio hata ikiamua kuichoma. Haya. Mwaka 1948 studio ya Universal iliteketeza sehemu kubwa ya filamu zake bubu ili ipate madini ya fedha yaliyomo ndani ya mikanda. Takriban asilimia 70 ya filamu ndefu bubu za Marekani zimepotea. Desemba 1974, wapelelezi wa FBI waliingia nyumbani kwa mwigizaji Roddy McDowall wakabeba filamu alizokusanya. Aliyechoma hakuulizwa kitu. Aliyetunza ndiye aliyehojiwa! Tazama pia The Battle of the Century ya 1927, ambamo wachekeshaji Laurel na Hardy wanawasha vita vya kurushiana pai mtaa mzima. Kwa miongo mingi vita hivyo vilionekana vipande vipande tu, mpaka 2015 mkusanyaji Jon Mirsalis alipokuta sehemu ya pili kwenye mkanda wa milimita 16 uliotoka kwa mkusanyaji mwenzake. Hati ya umiliki haikuokoa hata pai moja.

Wapo wakusanyaji wanaoficha walichonacho, na hiyo ni aibu.

Kinachowavuta wakusanyaji, nadhani, kimo kwenye mwendo. Kamera zilizungushwa kwa mkono: mpigapicha akizungusha polepole, mtu kwenye pazia hukimbia kupita uwezo wa miguu yake. Wachekeshaji walipanga mzaha kwa hesabu hiyo. Onyesha mkanda kwa kasi isiyo yake, kicheko kinakufa. Ndiyo maana mkusanyaji hurekebisha projekta mpaka mtu aanguke kwa wakati wake. Na walianguka kweli. Katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928, ukuta wa mbele wa nyumba unamwangukia mchekeshaji Buster Keaton, naye anapona kwa sababu amesimama penye uwazi wa dirisha. Ukuta ule ulikuwa mzito, na aliyesimama pale ni Keaton mwenyewe.

Je, kuithamini hatari hiyo kunampa mtu haki juu ya mkanda? Bado sijaona mizani ya kupimia. Najua tu kwamba Hats Off, filamu nyingine ya Laurel na Hardy ya 1927, ilikuwa na mwenyewe kihalali, na hadi leo haijapatikana nakala hata moja.