Ngamia Hanunuliwi kwa Urefu wa Shingo

Binti yangu, swali lako la kamera ya kununua si geni. Nimeulizwa na vijana wa kambi ya wakimbizi ya Hagadera, wa Dadaab mjini na wa Garissa, na nimelijibu mpaka mate yamenikauka. Wengi waliitikia "sawa, adeer", yaani "sawa, ami", wakatoka hapo wakaenda kununua kile walichokuwa wameshaamua kukinunua. Nitajibu tena kwa sababu wewe pesa bado unazo mkononi.

Mbele yako kuna kamera mbili. Ya kwanza ni DSLR ya mtumba, Canon 550D iliyotoka mwaka 2010, imechubuka pembeni, nzito, na haivutii macho. Ya pili ni PowerShot SX740 HS, ndogo ya kutia mfukoni, inang'aa, na zumu yake ni ya mara 40. Muuzaji amekuvutia mnara wa simu ulio mbali mpaka ukahesabu nati zake kwenye kioo. Tangu siku hiyo hulali.

Sasa tulia. Ngamia wa maziwa hanunuliwi kwa urefu wa shingo. Mfugaji huuliza, kiangazi cha Jilaal kikikaza na majani yakiisha, huyu atatoa maziwa kiasi gani? Nawe uliza vivyo hivyo. Kazi inayokulisha ni ipi? Hufanyika wapi, saa ngapi, chini ya taa gani? Ukishayajibu hayo, kamera itajichagua yenyewe.

Kazi yako naijua. Ni harusi, tena upande wa wanawake, ambako mpiga picha wa kiume hakanyagi. Ni riziki Mungu aliyokufungulia wewe, na vijana wa kiume wenye makamera makubwa wanaitazama kwa nje tu. Shughuli huanza baada ya Isha, ndani ya turubai au ukumbi wa mabati, taa ni za jenereta ya mfanyabiashara wa sokoni, zinapanda na kushuka. Bi harusi yuko hatua tatu mbele yako, hina bado mbichi mikononi, na shangazi zake wanaimba wakizunguka. Hiyo zumu ya mara 40 utaipeleka wapi hapo?

Kinachotakiwa humo ni mwanga, na mwanga unategemea mambo mawili. La kwanza ni kihisi, kile kibamba kinachopokea picha ndani ya kamera. Cha 550D kina upana wa kama milimita 22 na urefu wa 15. Cha hiyo ndogo hakifiki milimita 7 kwa 5. Ukilinganisha maeneo yao, kile kikubwa kinakizidi kidogo takriban mara 12. La pili ni uwazi wa lenzi. Lenzi ya SX740 HS huanzia f/3.3, na kadiri unavyoivuta inazidi kufumba macho, hadi f/6.9. Lenzi ya bei ndogo ya Canon, ya 50mm, hufunguka hadi f/1.8. Namba ikiwa ndogo, jicho liko wazi zaidi. Kwa hiyo kamera ndogo ikikosa mwanga itafanya moja kati ya mawili: itapandisha ISO mpaka uso wa bi harusi uwe chengachenga, au itachelewesha shata mpaka mikono ya wanaopiga makofi igeuke ukungu. Utawasha flashi? Ile flashi ndogo ya kamera itayapausha mashavu, na dhahabu yote aliyovaa itatoka kama madoa meupe. Mama wa bi harusi akiiona picha hiyo, hatakuita siku mdogo wa bi harusi akiolewa.

Na hata nje ya harusi, kumbuka tunakaa wapi. Ikweta inapita jirani kabisa na Hagadera. Jua likizama halibembelezi. Ukichelewa kidogo baada ya Maghrib kiza kimekwisha kukukuta.

Najua utaniambia habari ya twiga. Umeziona zile picha za twiga weupe wa hifadhi ya Ishaqbini, kule Ijara, zilizozunguka dunia mwaka 2017, nawe unataka zako. Nzuri, na ndoto si dhambi. Lakini waliowapiga picha wale twiga walikuwa karibu nao, wanyama wametulia, watu wamenyamaza. Ilikuwa kazi ya subira na ya wenyeji waliowajua wanyama wao. Mnamo Machi 2020 ikatangazwa kwamba twiga jike mweupe na ndama wake wameuawa na majangili. Picha zimebaki, na hakuna aliyeuliza zilipigwa kwa zumu ya mara ngapi.

Tena nikuambie jambo ambalo muuzaji wa Luthuli au wa Eastleigh, kule Nairobi, hatakuambia, maana yeye hakai kwenye uwanda huu. Adhuhuri ardhi ya Hagadera inapochemka, hewa inacheza. Simama ukingoni mwa kambi uvute zumu yote kuelekea Alinjugur, utaona mazigazi: mbuzi wasio na miguu, miti inayoelea juu ya maji yasiyokuwepo. Lenzi ndefu haivuti kitu peke yake, inavuta na hewa yote iliyo katikati. Na jua hilohilo litakufanya usione kitu kwenye kioo cha nyuma, maana hiyo ndogo haina tundu la kutazamia. DSLR unaiweka jichoni, unaangalia kupitia lenzi yenyewe, jua liwake litakavyo.

Halafu kuna vumbi. Lenzi ya kamera ndogo hutoka na kurudi kila ukiiwasha, na kila ikirudi inaingia na chembe za mchanga mwekundu huu. Siku moja inakwama nusu njia, inaandika kuwa lenzi ina hitilafu, na mpaka upate fundi wa kuifungua vizuri umeshafika Nairobi. Sikudanganyi kuwa DSLR haili vumbi. Inakula, hasa ukibadilisha lenzi upepo wa msimu wa Hagaa unapovuma. Lakini utaifungua, utaiinamisha mdomo chini, utaipuliza kwa kipulizio cha mpira, nalo vumbi litatoka. Na lenzi ikiharibika unabadilisha lenzi, mwili unabaki. Tundu la lenzi za EF Canon walilitoa mwaka 1987. Lenzi ya wakati huo ikiwa nzima, itakaa kwenye 550D na kufanya kazi.

Umeme nao uuweke kwenye hesabu. Kamera unayoiangalia kupitia tundu la kutazamia haili betri kama ile inayowasha skrini muda wote. SX740 HS hutajwa picha 265 kwa chaji moja; DSLR nyingi za daraja la chini huzipita hizo kwa mbali. Harusi haimsubiri mtu anayetafuta pa kuchomeka chaja.

Nisije nikaonekana nina chuki na kamera ndogo. Kwa msafiri, kwa anayependa ndege, kwa anayefuatilia mpira alasiri jua likiwa bado kali, ni chombo kizuri, chepesi, na hakimsumbui mtu na lenzi tatu. Kama riziki yako ingekuwa huko, ningekuambia nunua na usitazame nyuma. Riziki yako haiko huko.

Kuna na jambo la watu. Mwaka 2011, njaa ilipotangazwa kusini mwa Somalia, kambi hizi za Dadaab zilizopangiwa watu 90,000 zilibeba zaidi ya 400,000, na makamera ya dunia nzima yakaja nyuma yao. Wengi walipigwa picha kwa mbali na watu ambao hawakuwahi kuwasalimia. Ndiyo maana leo ukisimama pembeni mwa soko ukavuta lenzi, mama atafunika uso, na kijana atakufuata akuulize unamfanyia nani kazi. Wana haki. Ukitaka picha za kambi kwa ajili ya gazeti au filamu, ruhusa huombwa Idara ya Huduma za Wakimbizi. Kambi ya polisi na kizuizi cha barabarani usivielekezee lenzi ya aina yoyote. Na mtu wa kawaida muombe yeye mwenyewe. Mpiga picha Mohamed Amin, mtoto wa Eastleigh aliyezaliwa mwaka 1943, alianza na Box Brownie ya mtumba. Picha alizochukua Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, ziliitikisa dunia kwa sababu alisimama katikati ya wale watu, nyuso zao mbele yake.

Mwisho ni amana. Wanawake wanakuvulia shela mbele ya lenzi kwa kukuamini. Hiyo kamera mpya hutuma picha kwenye simu kwa Wi-Fi, na picha ikishafika kwenye simu haina mwenyewe. 550D haina Wi-Fi, picha zinakaa kwenye kadi. Kesho yake peleka kadi nyumbani kwao, zihamishe mbele ya macho yao, kisha ufute. Mpiga picha wa harusi akivujisha picha moja, hapa kwetu amefunga duka.

Basi kabla hujatoa pesa, ikague. Fungua lenzi uimulike kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani, hiyo ni kuvu ya unyevu wa pwani, iache. Weka f/16, piga picha ya anga tupu, uikuze uhesabu madoa: machache yatasafishika, mikwaruzo haisafishiki. Uliza shata imepiga mara ngapi, maana miili ya daraja hilo huhesabiwa kama picha 100,000. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya faili ya picha. Kwa Canon ya zamani tafuta programu ya kuisoma. Betri ikiwa imevimba, idai nyingine. Na ukibadilishiwa ukapewa Nikon D3100, jua haina mota ya fokasi mwilini, hivyo tafuta lenzi zilizoandikwa AF-S, la sivyo utafokasi kwa mkono usiku kucha.

Mchagua jembe si mkulima, na mwezi wa harusi haukungoji umalize kuchagua. Chukua hiyo kuukuu, lenzi ya 50mm, betri ya pili na kipulizio. Ukikutana na kijana mwenye Coolpix P1000 ya zumu mara 125, mwambie mashallah, mtakie heri, kisha uwahi harusini.