Mpe Jembe

Mji mdogo wowote duniani, hata ule ulio pembezoni mwa Chicago, huelezwa kwa mambo matatu: uko wapi, una watu wangapi, na watu hao wakipumzika hufanya nini. Mji wetu nao unaelezeka hivyo. Manispaa ya Kigoma-Ujiji iko kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, mwisho wa Reli ya Kati. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 215,458. Burudani ni mpira, kuogelea, bao, na kahawa ya jioni barazani. Ukiishia hapo hujadanganya. Lakini hilo la pili, la idadi, linanisumbua, kwa sababu kabla ya kuhesabu lazima mtu awe ameshaamua nani ni wa kuhesabiwa. Na hilo si swali la takwimu.

Tuanze na mahali. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470. Ni Baikal peke yake linalolizidi. Lina urefu wa kilometa zaidi ya 650, na nchi nne zinaligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Siku hewa ikiwa safi unaiona milima ya Kongo kutoka ufukweni kwetu. Usiku wa giza, mbalamwezi isipokuwepo, taa za wavuvi wa dagaa hutandaa majini, na ukiwa nchi kavu huwezi kujua ipi ni taa ya mtu wetu na ipi ni ya mtu wa ng'ambo. Mwaka 2024 uvuvi ulipofungwa upande wetu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, ilibidi nchi jirani zihusishwe. Huwezi kupumzisha samaki wa upande mmoja. Mpaka upo kwenye ramani, na una kazi yake, lakini maisha ya hapa hayajawahi kuutii kikamilifu.

Watu nao ni hivyo hivyo. Ujiji ilikuwepo kabla ya Kigoma. Misafara iliyotoka Bagamoyo iliishia hapa, na Burton na Speke walipofika mwaka 1858 walikuta mji wa biashara unaozijua habari za pwani na za ng'ambo. Waha walikuwa wakiishi kwenye nyanda za juu. Wamanyema, Wabwari na wengine walivuka ziwa, baadhi wakiwa wafanyabiashara, baadhi wapagazi, baadhi wakiwa wamefungwa minyororo. Kisha mwaka 1914 reli ikafika, Kigoma ikakua, wakaja makarani, mafundi na wafanyabiashara kutoka kila upande. Kila kundi lililopo leo liliwahi kuwa mgeni wa kundi lililotangulia.

Hata kumbukumbu yetu maarufu kuliko zote ni ya wapita njia. Pale Ujiji, mnara na makumbusho vinakumbusha jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone mwaka 1871. Wote wawili hawakuwa wenyeji. Mmoja alikuwa mzee mgonjwa aliyeishiwa, wa pili mwandishi wa gazeti aliyekuja kumtafuta. Waliompa mzee yule maji na uji, waliosikia akikohoa usiku, hawana mnara. Na maelfu waliopitishwa mjini humo wakiwa watumwa, wakielekea pwani, hawana hata orodha ya majina. Kwa hiyo si kweli kwamba mji wetu hauwakumbuki wageni. Unawakumbuka, ila kwa kuchagua.

Nina sababu yangu ya kulishika jambo hili. Miaka michache iliyopita nilikuwa nafuatilia nyaraka katika ofisi moja, mbali na nyumbani. Niliulizwa babu yangu mzaa baba amezikwa wapi. Nikasema Ujiji. "Na baba yake?" Nikasema Ujiji pia. "Alizaliwa wapi?" Kijana aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, kwao Moshi, alikuwa ameulizwa namba ya simu tu. Watu wengi wa Kigoma wanayajua maswali haya, na wanajua pia namna ya kuyajibu bila kupandisha sauti. Jibu la kweli ni kwamba baba yake babu alivuka ziwa. Kaburi lake liko Ujiji, kitovu chake kilizikwa ng'ambo. Sikuona kwa nini kitovu kiwe na uzito kuliko kaburi, wala kwa nini vyote viwili viwe na uzito kuliko miaka yote iliyo katikati, aliyolima, akaoa, akalipa kodi na kuzika wenzake.

Sasa nije kwenye burudani, maana hapo ndipo swali linapokuwa gumu. Tuna Uwanja wa Lake Tanganyika. Mwezi Mei 2015, baada ya machafuko kuanza Burundi, maelfu kwa maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji chetu cha mpakani. Nyuma milima, mbele maji, ardhi kidogo katikati. Kipindupindu kikaingia. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani na kushushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, ikatumika kuwaleta mjini safari baada ya safari. Waliposhuka walipelekwa uwanjani, wakasubiri mabasi ya kuwapeleka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu.

Miaka sita baadaye, 25 Julai 2021, uwanja huohuo ulipokea fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga. Simba ilishinda 1-0. Mashabiki walikuja kutoka mikoa mbalimbali na mji ukafurahi kuwapokea.

Nikiyaweka matukio haya mawili pamoja, naona watu wa aina moja: wageni waliokaa kwenye nyasi na majukwaa yaleyale, ambao hakuna sensa iliyowahesabu kuwa wa Kigoma. Sensa ya Tanzania humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na usiku huo, mwaka 2012 na tena 2022, hawakuwa wamelala pale. Tofauti yao ni nini? Jibu la haraka ni fedha, na kwa sehemu ni kweli. Lakini nadhani kubwa zaidi ni nauli ya kurudi. Shabiki tunampenda kwa sababu ana kwao na kesho anakwenda. Mkimbizi anatutia hofu kwa sababu huenda asiende.

Hofu hiyo siidharau. Mkoa wa Kigoma si tajiri. Watu wengi wakija kwa mpigo, kuni huisha, bei hupanda, zahanati hujaa, na anayelipa kwanza si aliyeko Dar es Salaam wala Geneva, bali mama wa kijiji cha mpakani. Anayesema ukarimu hauna gharama hajawahi kuwa mwenyeji. Na wanaosema hivyo huwa na methali tayari: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wanaitumia kama njia ya adabu ya kumwonyesha mtu mlango.

Mimi naisoma tofauti. Jembe si fimbo. Ukimpa mtu jembe umekubali kwamba ana mikono, na kwamba lipo shamba atakalolima, kwa hiyo kesho bado atakuwepo. Methali haisemi siku ya tatu mfukuze. Inasema siku ya tatu aache kuwa mgeni. Ukweli ni kwamba mkimbizi wa leo ndiye tuliyemnyima jembe. Sheria ya wakimbizi ya 1998 inamtaka akae kambini, na hawezi kutoka bila kibali. Tunamlisha chakula cha msaada halafu tunamlaumu kwa kula cha bure.

Wala si kwamba hatujawahi kufanya vinginevyo. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walilima, wakajilisha, wakauza mazao. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walitangazwa kupewa uraia. Ilichukua miaka zaidi ya arobaini, na ardhi wakati ule ilikuwa nyingi kuliko sasa, kwa hiyo sisemi kwamba kilichowezekana jana kinawezekana leo kwa kipimo kilekile. Nasema tu kwamba tunaijua njia.

Mchanga wa ufukweni unanifundisha jambo moja dogo. Jioni vijana wanapopanga timu pale Kibirizi, upande ukipungukiwa mtu mmoja huita yeyote aliyesimama karibu. Swali ni moja: unacheza namba ngapi? Akishaingia anapigiwa pasi, anakaripiwa akikosa, anabebwa akifunga. Najua nchi si mechi ya mchangani, na nchi ina haki ya kuuliza maswali. Lakini yapo maswali yanayompa mtu nafasi na yapo yanayomnyima, na tunaweza kuchagua tuanze na yapi.

Kwa hiyo nikiulizwa Kigoma ina watu wangapi, nitataja hesabu ya sensa, maana bila hiyo hatujui madawati mangapi yanatakiwa wala visima vingapi vichimbwe. Nikiulizwa nani ni wa Kigoma, sitaanzia makaburini. Nitaanza na waliopo na wanachokifanya kwa mikono yao, halafu niulize ni nani kati yao bado hajapewa jembe.