Jembe la Litowa

Waulize watu wa rika langu hapa Songea wanakumbuka nini kuhusu shamba la shule. Wengi watakujibu kwa neno moja: adhabu. Umechelewa namba, kalime. Umepiga kelele darasani, nenda kapige matuta. Mavuno yalikwenda wapi? Aah, hayo ya walimu.

Ndiyo maana Litowa inanisumbua. Ni kijiji cha Songea hii hii, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vijana wa TANU, mmojawapo Ntimbanjayo Millinga, kikawa kitovu cha Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, RDA. Shule yao iliongozwa na mwalimu Suleiman Toroka. Watoto walilima, tena kwelikweli. Lakini walilima shamba lao, ndani ya kijiji ambacho wazazi wao walikaa kikao na kuamua walime nini na wagawane vipi. Jembe lilikuwa sehemu ya somo, na somo sehemu ya maisha waliyoyaona nyumbani.

Nyerere aliifahamu Litowa. Machi 1967 akatoa Elimu ya Kujitegemea, na humo alisema wazi kuwa wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao. Kilichofika kwenye shule nyingi ni jembe. Kikao kilibaki kwenye karatasi. Septemba 1969 TANU hiyohiyo ikaivunja RDA.

Sasa hivi mwalimu akiulizwa falsafa yake ya kufundisha, anakuandikia maneno mazuri: mwanafunzi kwanza, kujifunza kwa vitendo. Sawa. Ila vitendo hata mtumwa anavifanya. Kwangu mimi falsafa ya mwalimu inaanzia pale mtoto anapouliza "kwa nini nifanye hivi?" Kama jibu ni fimbo, hiyo ndiyo falsafa yake, hata kama kaandika nyingine. Toroka na wenzake hawakuletewa ya kwao na waraka. Waliipata kwa kuishi na watoto na wazazi wao.

Rafiki yangu mwalimu ananibishia. Nina watoto zaidi ya mia darasani, anasema, kikao nitaitisha saa ngapi? Hoja yake ina uzito, siwezi kuibeza. Nikamuuliza tu mahindi ya shule ya msimu uliopita yalikwenda wapi. Akacheka, akasema wanafunzi wake hawajawahi kumuuliza hilo.